Lubero: Kocha si mwanasaikolojia, wala si mfadhili. Jamaa zilizohama zina haki ya kujua nani anafanya nini

Tangu vita ilipofika Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, kisha Alimbongo katika Desemba ya mwaka ule, barabara ya taifa namba 2 imebeba watu wengi kuelekea kaskazini: Lubero-centre, Musienene, Butembo, na wengine hadi Beni. Wengi hawakuingia katika kambi. Walipokelewa na ndugu, na rafiki, na watu wa kanisa, au walilala katika madarasa ya shule. Nyuma ya wahami walifuata watu wa misaada, kila mmoja na jile yake na daftari lake.

Mama aliyeacha shamba lake la viazi Alimbongo anaweza kutembelewa na watu watano kwa wiki moja. Wa kwanza anaandika majina. Wa pili anauliza kama analala usiku. Wa tatu anafundisha kutengeneza sabuni. Wa nne anamwita katika kikundi cha akiba. Wa tano anasema yeye ni kocha, na kwamba atamsaidia kufikia malengo yake. Mtaani wote watano wanaitwa jina moja, "watu wa ONG", na kazi yao yote inaitwa "mafunzo".

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mama anamweleza kocha habari za mume aliyeuawa, na kocha hajui la kufanya na machozi yale. Anamwomba mwanasaikolojia mtaji, anakosa, anarudi nyumbani akisema amedanganywa. Kijana anamsikiliza mshauri kama vile anasikiliza amri ya serikali. Kila mtu anatoka na njaa yake, na mradi unaandika katika ripoti kwamba watu "wamesindikizwa".

Kwa hiyo tofauti kati ya kazi hizi si ya wasomi peke yao. Mhami ana muda mfupi, ana nguvu kidogo, na msaada anaoupata ni mchache. Akipeleka shida yake kwa mtu asiyehusika, hasara ni yake.

Kocha wa mpira na kocha wa aina nyingine

Watu wa kwetu wanamjua kocha wa mpira. Sébastien Desabre, kocha wa Leopards, ndiye anayechagua nani aitwe, nani aanze, nani akae kwenye benchi. Congo ilipofika nusu fainali ya Kombe la Afrika Februari 2024, hakuna mchezaji aliyeulizwa kama anataka kucheza beki au mshambuliaji. Kocha alipanga, wachezaji walicheza.

Ndiyo maana mtu akisikia "kocha" anangojea amri. Lakini kocha anayezungumziwa katika miradi hii ni mtu wa namna nyingine. Kazi hiyo ilitoka katika michezo, ni kweli. Mwaka 1974 Mmarekani mmoja, Timothy Gallwey, aliandika kitabu juu ya mchezo wa tenisi. Alikuwa ameona kwamba mchezaji akipigiwa kelele na mwalimu wake anaharibu zaidi, na akiulizwa anachokiona mwenyewe anajirekebisha. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano, alipeleka fikra hiyo katika makampuni. Kocha wa aina hii anamuuliza mtu unataka kufika wapi, leo uko wapi, njia gani zipo, na utafanya nini kuanzia kesho. Mwaka 1995 makocha wa Marekani waliunda shirikisho lao, ambalo leo lina wanachama katika nchi nyingi.

Kocha huyo hatoi jibu. Anaamini kwamba mtu aliye mbele yake anaweza kulitafuta na kulipata. Nguvu yake iko hapo, na mipaka yake pia.

Shida moja, watu sita

Tuchukue mfano wa mama yule wa Alimbongo. Sasa anakaa Butembo na watoto watatu katika nyumba ya shangazi. Anataka kuanza kuuza viazi na maharagwe sokoni.

Mwalimu anamfundisha asichokijua: kuhesabu faida, kuandika kilichoingia na kilichotoka, kutunza viazi visioze. Mwalimu anajua, mwanafunzi anajifunza, na mwishoni kunaweza kuwa na jaribio.

Mshauri anasikiliza shida na kutoa neno lake: "Usiuze viazi, msimu huu vimejaa. Uza maharagwe." Mshauri mzuri anaijua kazi ile, naye anabeba sehemu ya lawama neno lake likianguka.

Mlezi wa kazi ni mtu aliyetangulia. Ni mama aliyekaa miaka ishirini katika soko la Butembo, anayejua mwenye lori mwaminifu, anayejua siku bei inapanda, anayeweza kusema: "Huyu ni mtu wangu, mpe mzigo, atalipa Jumamosi." Anatoa uzoefu wake na jina lake. Fundi cherahani anayemlea kijana katika atelye yake anafanya kazi hiyo hiyo, na Wanande waliijua zamani kabla mradi wowote haujafika.

Msaidizi wa kisaikolojia anashughulika na kidonda. Mama hasemi juu ya soko. Anasema kwamba akisikia mlango unagongwa anatetemeka, kwamba hajalala vizuri tangu siku waliyokimbia. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa kutuliza na kutibu, na anayejua wakati wa kumpeleka kwa daktari.

Mfadhili anatoa kitu: franka, mbegu, mbuzi, mzani.

Kocha anakaa naye na kumuuliza: "Kati ya yote uliyoyasema, la kwanza kwako ni lipi? Umeshajaribu nini? Nani anaweza kukusaidia katika mtaa huu? Kabla ya Ijumaa utakuwa umefanya nini?" Ijumaa anarudi na kuuliza imekuwaje. Kama haikuwa, wanatafuta pamoja kilichozuia. Kocha anaweza kuwa hajawahi kuuza hata kilo moja ya viazi, na kazi yake ikaenda vizuri.

Hakuna hata mmoja kati ya sita hao aliye mdogo kuliko mwenzake. Lakini wa kwanza hawezi kukaa mahali pa wa pili.

Kwa nini kocha anafaa kwa mhami

Wako wanaosema kwamba ukocha ni kazi ya wakubwa wa makampuni ya Kinshasa na Nairobi, na kwamba mtu mwenye njaa hana haja ya kuulizwa maswali. Neno hilo ni nusu kweli.

Maisha ya uhamisho ni maisha ya kupangwa na wengine. Orodha inaandikwa na mwingine. Jetoni inatolewa na mwingine. Siku ya kugawa unga inaamuliwa ofisini, na mafuta ya kupikia yanapimwa na mtu asiyeijua sufuria yako. Mtu aliyekuwa anaamua mwenyewe lini apande na lini avune, nani aoe na nani asome, anakaa mwaka mzima bila kuamua jambo. Baadaye hata akiulizwa anasema: "Mtakavyoona ninyi."

Mtu anayekuja na kumuuliza mama huyo, "Wewe unataka nini?", kisha akanyamaza na kungojea jibu, anamrudishia kitu ambacho lori la unga haliwezi kuleta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhami ndiye anayejua ni jirani gani anaweza kumkopesha, ni mtoto gani anaweza kubaki na mdogo wake, ni kazi gani mgongo wake bado unaiweza. Mshauri aliyeshuka kutoka garini asubuhi na kurudi jioni hayajui hayo.

Kuna ushahidi pia. Nchini Togo, katika mji wa Lomé, wachunguzi walifuata wafanyabiashara wadogo 1,500 na matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara: hesabu, vitabu, bei. Kundi lingine lilifundishwa kujianzia mambo, kuweka malengo, kutazama mbele na kutokata tamaa kizuizi kikija. Faida ya kundi hili la pili ilipanda kwa asilimia 30 kuliko wale ambao hawakupata kitu. Mafunzo ya kawaida hayakuonyesha faida ya kuaminika. Yale yalikuwa mafunzo, hayakuwa ukocha mtupu, lakini yamesimama juu ya nguzo moja na ukocha: mtu aamke kuongoza kazi yake mwenyewe. Isisahaulike tu kwamba watu wale wa Lomé walikuwa tayari na biashara mkononi.

Pale kocha anapodhuru

Ukocha unaanza na swali "unataka kufika wapi?" Swali hilo linaomba mtu mwenye usingizi, mwenye uwezo wa kufikiri juu ya kesho. Kwa mtu ambaye kila usiku anarudi katika siku ya shambulio, swali hilo ni mzigo. Atajibu ili kumfurahisha mgeni, ataweka lengo, atashindwa, kisha atajilaumu mara ya pili.

Kivu yetu imetoa somo juu ya jambo hilo. Mwaka 2013 gazeti la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini kwa wanawake 405 walioponea ubakaji. Wanawake 157 walipata matibabu ya kisaikolojia ya vikundi, yaliyopangwa kikao kwa kikao na kurahisishwa ili hata asiyejua kusoma ayafuate. Wengine 248 walipata msaada wa mtu mmoja mmoja: kusikilizwa, kutiwa moyo, kuelekezwa. Makundi yote mawili yalihudumiwa na wasaidizi wa Kikongo, si wageni. Miezi sita baada ya kumaliza, katika kundi la matibabu waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9. Katika kundi la pili walikuwa asilimia 42.

Kusikilizwa kwa upole si kitu kibaya, na wanawake wa kundi la pili nao walipata nafuu. Lakini kidonda kilichofika ndani kiliomba matibabu yake. Ikiwa kusikiliza kwa watu waliozoea kazi hiyo hakukutosha, kocha aliyefundishwa siku tano katika hoteli ya Butembo asijaribu.

Hatari ya pili ni maneno. Kuna makocha wanaosema kila kitu kiko katika akili ya mtu, kwamba maskini ni anayefikiri kimaskini, kwamba ukibadilisha mawazo maisha yatabadilika. Mtu wa Alimbongo hakuwa maskini wa mawazo. Alikuwa na shamba, na barabara ya kupeleka mazao Butembo. Vita ndiyo iliyomtenga na shamba lile. Kumwambia kwamba yote yanamtegemea yeye ni kuwaondolea deni walioleta vita na walioshindwa kumlinda. Kocha wa haki anatenganisha mbele ya mtu vikapu viwili: yaliyo katika uwezo wako na yasiyo katika uwezo wako. Anafanya kazi na kikapu cha kwanza bila kuficha cha pili.

Hatari ya tatu ni jina lenyewe. Katika nchi nyingi hakuna sheria inayosema nani ana haki ya kujiita kocha. Daktari anaulizwa diploma. Kocha anaweza kujipa jina Jumatatu na kuanza kulipisha Jumanne. Vijana waliohama, ambao wanatafuta mlango wowote, ndio wanaonaswa haraka.

Jembe kwanza, kisha maswali

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jamaa za mapokezi za Butembo na Lubero zimeipita siku ya tatu zamani, na nyingi zimegawa hata chumba cha watoto wao. Lakini angalieni vizuri methali ile. Inasema mpe jembe. Haikusema mpe maneno juu ya jembe.

Njia ambayo imepimwa vizuri kuliko nyingi kwa watu maskini sana inasema vilevile. Shirika la BRAC liliianza Bangladesh mwaka 2002, na mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya kuijaribu katika nchi sita, zikiwemo Ethiopia na Ghana, kwa watu zaidi ya 10,000. Jamaa ilipewa mali ya kuanzia kazi, mara nyingi mifugo, ilipewa chakula au pesa kidogo kwa miezi ya kwanza ili isile mbuzi wale, ilifundishwa, iliwekewa njia ya akiba, na mtu aliitembelea nyumbani mara kwa mara kuizungumzisha na kuitia nguvu. Mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, jamaa hizo bado zilikuwa zinakula vizuri zaidi na zina mali zaidi kuliko zile ambazo hazikuingizwa. Ghana walijaribu pia kutoa mifugo peke yake, na faida haikudumu.

Kwa hiyo anayeembelea nyumbani ana faida, mbuzi ana faida, na wawili pamoja wana faida zaidi. Mradi unaoleta kocha bila mbuzi, bila mtaji, bila hata nauli, unaleta sehemu iliyo rahisi kulipa na kuacha iliyo ngumu. Viongozi wa wahami wasione haya kuuliza: baada ya maswali, kuna nini mkononi?

Maswali ya kumuuliza anayekuja kusaidia

Jamaa iliyohama ina haki ya kuuliza kabla ya kujibu. Maswali manne yanatosha.

La kwanza: "Kazi yako ni ipi hasa? Unafundisha, unashauri, unatibu, unatoa, au unatusindikiza katika mipango yetu?" Anayeshindwa kujibu kwa maneno mepesi labda hajui mwenyewe.

La pili: "Ni kitu gani huwezi kukifanya, na kwa kitu hicho utatupeleka kwa nani?" Kocha anayejua kazi yake anajua jina la kituo cha afya kilicho karibu na siku ambayo msaidizi wa kisaikolojia anapatikana. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Lile la tatu ndilo linalosahauliwa.

La tatu: "Tunayokuambia yanaandikwa wapi, na nani atayasoma?" Hapa kuna jambo zito. Kocha wa mradi analipwa na mradi. Anaweza kutakiwa kuandika ripoti. Katika sehemu yenye vita, habari ya mtoto gani alikwenda wapi au mume yuko upande gani ikianguka mikononi mwa mtu mbaya inaweza kuua. Kocha aseme mbele kipi kinabaki kati yao na kipi kinakwenda ofisini.

La nne: "Inalipiwa? Na itaisha lini?" Ukocha una mwisho. Lengo likifikiwa, kocha anaondoka. Anayekufanya umhitaji kila mwezi hajafanya kazi yake.

Na kuna mambo ambayo hayangojei kocha hata siku moja. Aliyebakwa apelekwe kituo cha afya mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inafaa katika muda huo. Akichelewa, aende vilevile, maana matibabu mengine bado yapo. Anayesema anataka kufa, anayeacha kula, mama asiyeweza tena kumshika mtoto wake, mtu ambaye wiki zinapita hapati usingizi: hao ni wa mhudumu wa afya. Butembo, Katwa na Beni walijifunza wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kwamba wasaidizi wa kisaikolojia ni watu wa kufungulia mlango, ingawa mwanzoni wengi waliwaogopa. Somo lile lisipotee.

Kazi ya mashirika na ya viongozi

Mashirika yaandike katika kadi na katika jile la kila mtumishi kazi anayofanya, kwa Kiswahili na kwa Kinande, ili bibi asiyejua Kifaransa aambiwe na mjukuu wake. Yasimpe mtu mmoja kofia tatu: leo kocha, kesho msikilizaji wa wahanga, kesho kutwa mwandikaji wa orodha ya unga. Mtu hawezi kumfungulia moyo yule anayeamua kama jina lake litakuwamo katika orodha. Atasema yale anayofikiri yatamletea unga, na hakuna wa kumlaumu.

Machefu wa mitaa na kamati za wahami wawe na karatasi moja inayosema nani anashughulika na nini katika mtaa. Redio zetu ziisome karatasi hiyo kila wiki, kama zinavyosoma matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea.

Na wale mama wa soko, mafundi wa cherahani, mafundi wa moto, walimu waliostaafu, wasingoje mradi uwape jina. Kumchukua kijana mmoja aliyekimbia Alimbongo na kumkalisha karibu na mashine yako ni ulezi wa kazi kamili. Hauhitaji semina. Unahitaji kiti cha pili.

Siku barabara ya kwenda Alimbongo itakapofunguka kwa amani, mtu atarudi na alichokipata uhamishoni. Aliyezoea kuamuliwa kila kitu atarudi akiuliza nani atamwambia cha kupanda. Aliyetibiwa kidonda chake, aliyepewa jembe, na aliyeulizwa kwa heshima anataka nini, atajua mwenyewe pa kuanzia.